Kukata pleti kwa plasma na kuikunja bandani kwako, mfano wetu seredani ya mishkaki

Assalam alaykum mafundi, na nyie mnaoanza vilevile. Leo nataka nieleze kazi niipendayo kuliko zote hapa bandani kwangu Mwanakwerekwe, kukata pleti kwa plasma (mashine inayoyeyusha chuma kwa umeme na hewa) kisha kuikunja mpaka iwe boksi, na mfano wetu utakuwa seredani ndefu ya mishkaki kama zile wanazochomea jioni pale Forodhani, kwa sababu ndani yake imo kazi yote: kupima, kukata, kukunja, kuunga. Ukiiweza hii basi sanduku la betri au mlango wa kabati la chuma hautokusumbua.

Kitu kimoja nakuomba ukishike kabla hujawasha mashine. Kukunja kunaanza kwenye hesabu, kabla ya kukata. Mie mwanzo nilikuwa nachora boksi la 900 (vipimo vyote hapa ni milimita) nakata 150 na 900 na 150 sawasawa, nikishakunja boksi linatoka kubwa kuliko nilivyotaka na kifuniko hakikai, nikadhani futi langu bovu. Kumbe chuma kinapokunjwa upande wa nje unavutika, na ukipima kwa nje pande mbili za kona ukazijumlisha unapata zaidi ya ile pleti uliyoanza nayo. Hiyo ziada lazima uitoe mapema.

Namna ya kuijua ni rahisi. Kata kipande chembamba cha pleti ileile utakayotumia, urefu 100 kamili, kikunje katikati nyuzi 90 kwa kikunjio chako hichohicho, kisha pima kwa vania (kipimo cha kubana kinachosoma sehemu za milimita) kila mguu kwa nje. Ukipata 51.8 na 51.8 jumla ni 103.6, kwa hiyo makato yako ni 3.6 kwa kila kunjo. Hiyo ndo namba ya pleti ya milimita 2 ikiwa kona ya ndani ina mviringo wa kama milimita 2 hivi. Kikunjio chenye kona kali zaidi kitakupa namba ndogo, kama 3, ndo maana usikopi namba yangu, pima ya kwako uiandike ukutani.

Sasa seredani yetu, kwa nje iwe urefu 900, upana 250, kimo 150. Urefu wa pleti kabla ya kukunja ni 150 + 900 + 150 toa 3.6 mara mbili, unapata 1192.8. Upana ni 150 + 250 + 150 toa 7.2, unapata 542.8. Mstari wa kukunja unachorwa 148.2 kutoka ukingoni pande zote nne. Na uzuri wake, shiti nzima ni 2440 kwa 1220, kwa hiyo 1193 inaingia kwenye upana wake, na kwa urefu unatoa seredani nne na bado unabaki na kipande cha kama 260 cha kutengenezea miguu. Shiti hiyo ya milimita 2 ina uzito wa kilo 47 hivi, usiibebe peke yako, hasa siku ya upepo, pleti ni tanga.

Nunua pleti nyeusi. Usitumie ya zinki kwa kitu cha kupikia, na hata kama si cha kupikia, ukiikata kwa plasma ile zinki inageuka moshi mweupe na ukiuvuta unaweza kupata homa usiku wake, baridi na kutetemeka kama malaria. Ikiwa huna budi, kata nje kwenye upepo, simama upande upepo unakotoka.

Haya, umeme. Mashine ya plasma ya ampia 40 ndo inayotosha kazi za nyumbani, na kwa pleti ya milimita 2 mie naiweka 25 mpaka 30. Lakini hata kwenye 30 inavuta zaidi ya kilowati 3, na ile plagi ya kawaida ya ampia 13 mwisho wake ni hiyo kilowati 3, bado kompresa hujaiwasha. Soketi inaanza kunuka, plastiki inageuka rangi, na nyumba zetu nyingi waya umepita juu ya boriti. Mwite fundi umeme akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye breka ya 32, waya wa milimita 6, na erthi ya kweli chini ardhini. Ekstensheni ndefu nyembamba usitumie, umeme unapungua njiani mashine inakata kata. Na angalia tukuza yako (mita ya umeme wa kulipia kabla) ina yuniti kabla hujaanza mstari mrefu, ukikatikiwa katikati ule mkato utaacha jino.

Hewa ndo pahala nataka nikae kidogo maana hapa kwetu ndo panapoua mashine. Plasma inasukuma hewa kupita kwenye nozeli (kile kitundu cha mbele), umeme unaigeuza moto mkali sana unaoyeyusha chuma na kukipuliza chini. Hewa ikiwa na maji, nozeli na elektrodi zinaliwa kwa siku moja. Sisi tumezungukwa na bahari, masika ndo kabisa, kompresa ikibana hewa ile inaishia na maji kwenye tangi kama mtungi. Kwa hiyo kila asubuhi fungua kile kizibo cha chini cha tangi utoe maji, na ukikata sana toa tena mchana. Kisha usiunge hosi moja kwa moja kutoka kompresa mpaka kwenye mashine. Mie nimepitisha hewa kwenye bomba la chuma la mita kama tano lililopanda ukutani na kushuka, ili ipoe na maji yajitenge humo, chini nimeweka koki ya kutolea, baada ya hapo ndo kichujio cha maji, na mwisho kabisa kopo la zile punje za kunyonya unyevu. Punje zikibadilika rangi zinaokwa zinarudi kazini.

Kujaribu kama hewa kavu, ukiachia kitufe hewa inaendelea kutoka kidogo kupoza tochi (ule mkono wa kukatia), hapo weka kioo mbele ya nozeli. Kikiwa na ukungu au vitone, usikate. Presha mie naiweka 65 mpaka 70 psi wakati hewa inatoka, sio wakati imesimama, kisha naangalia kitabu cha mashine kinasemaje. Kompresa ya lita 50 inatosha kwa seredani, ila utasimama usubiri ijae, na usikate presha ikishuka, mkato unakuwa mchafu.

Kabla ya kukata angalia vitu viwili kwenye tochi. Tundu la nozeli liwe duara safi, likiwa yai badilisha. Elektrodi ina kidoa katikati, kikichimbika zaidi ya milimita moja na nusu itupe, usiibembeleze, itakuharibia tochi nzima ambayo bei yake ni mbali.

Usalama nausema mara moja lakini kwa moyo wote. Kioo cha macho namba 5 kinatosha kwa ampia hizi, miwani ya jua haifai hata kidogo, na kile kioo cheusi cha kuchomea namba 10 au 11 kitakufanya usione mstari. Macho yakipigwa huhisi pale pale, unahisi usiku kama umetiwa mchanga. Glavu za ngozi, nguo za pamba, viatu vya kufunika, mguu wa suruali uwe nje ya kiatu. Cheche zinaruka mita kadhaa na zinajificha, kwa hiyo chini ya paa la makuti usikate, gunia la mkaa na makumbi na dumu la mafuta vyote vitoke, ndoo ya maji na ya mchanga ziwe karibu, watoto wasiwe uani. Ukimaliza kaa nusu saa nzima upo pale pale unaangalia. Na pipa au tangi lililowahi kutiwa mafuta usilikate kabisa, hata kama limeoshwa.

Tunaanza. Chora mistari yote kwa pini na guni (kipimo cha pembe ya nyuzi 90), mistari ya kukata na ya kukunja, chokaa inafutika. Kwenye kila kona ya ndani, pale mistari miwili ya kukunja inapokutana, toboa kwa drili tundu la milimita 6. Tundu hilo linazuia pleti isichanike kwenye kona ikikunjwa. Toboa na matundu ya hewa sasa hivi wakati pleti imelala, biti ya 12, kwenye zile pande ndefu, kiasi cha 40 juu ya mstari wa kukunja, kila baada ya 100. Matundu madogo hivi usiyafanye kwa plasma ya mkono, yanatoka mabaya.

Bana erthi ya mashine (ule waya wenye kibanio) kwenye chuma cheupe, siyo juu ya kutu wala rangi, piga grenda kwanza. Plasma inakula upana wa kama milimita moja na nusu, kwa hiyo moto upite upande wa kipande unachotupa. Kwa mstari ulionyooka mie nabana engo (chuma cha pembe) iwe reli, umbali wake na katikati ya njia ya moto ni nusu ya upana wa kikombe cha tochi, kisha natembeza kikombe kikisugua engo. Anzia ukingoni, tochi isimame wima, subiri sekunde moja mpaka cheche zitoke chini ndo uanze kutembea. Ukitaka kuanzia katikati ya pleti laza tochi kidogo ili cheche zirukie pembeni, moto ukipenya ndo uisimamishe, vinginevyo chuma kinarudi juu kinaziba nozeli.

Mwendo utauona kwenye cheche, chungulia kwa chini. Zikiinama nyuma kidogo upo sawa. Zikiruka juu unakimbia sana, hujapenya. Zikishuka wima kabisa unachelewa. Vilevile slegi, ule uchafu wa chuma unaoganda chini ya mkato, itakwambia: iliyo nene ya mabonge inayodondoka ukiigonga kwa tindo ni ya mwendo mdogo, ile nyembamba ngumu inayong'ang'ania ni ya mwendo mkubwa. Fanya mikato mitatu minne kwenye chakavu kabla hujagusa pleti yako, utanishukuru.

Kona nne za 148.2 kwa 148.2 zinatoka, kila mkato unaishia ndani ya lile tundu la 6. Kisha, na wengi wanaruka hapa, piga grenda kingo zote mpaka uone chuma cheupe. Ukingo uliokatwa kwa plasma ya hewa unakuwa mgumu, ukiukunja unaanza ufa pale pale, na ukiuchomea bila kusafisha wedi (mshono wa kuchomea) inatoka na vitundu.

Kikunjio changu ni cha engo tatu za 50 kwa 50 unene 6, urefu mita moja. Moja imechomewa ukingoni mwa meza, ya pili inakaa juu ya pleti inabana, ya tatu imefungwa bawaba nzito mbili na kupewa mikono ya bomba la mita moja. Katikati ya bawaba lazima iwe sawa na uso wa juu wa meza pale ukingoni, ikishuka au ikipanda kunjo linakuja la mviringo. Engo ya juu inapinda katikati ukibana pleti ya 2, kwa hiyo ichomee fletibaa (chuma bapa) mgongoni isimame kama ubavu, la sivyo kunjo lako litakuwa nyuzi 90 pembeni na 80 katikati.

Weka ukingo wa engo ya juu juu ya mstari wa kukunja hasa, bana kwa bolti za 12, kisha watu wawili, mmoja kila mkono, mnainua pamoja polepole. Usiishie 90. Chuma kinarudi nyuzi mbili tatu, pitiliza mpaka 92 au 93, achia, pima kwa guni, ongeza kama haijafika.

Kunja pande ndefu kwanza. Zile fupi sasa engo ndefu haiingii kwa sababu kuta zishasimama, ndani una 246 tu. Hapo mie natumia kibana mfano wa daraja: kipande cha engo cha 240 chini, miguu miwili ya kimo cha 170 iliyorudi nyuma kidogo, juu skweapaipu (bomba la mraba) inayopita kuta zote mbili na kufungwa kwenye meza kwa bolti ndefu pembeni. Inabana vizuri na kunjo linatoka safi kama la kwanza.

Ukiwa hesabu umeifata, pembe zote nne zitakutana ncha kwa ncha na kuacha kijibonde kwa nje, hapo ndo wedi inajaa. Gusisha kidogo kidogo kwanza pembe zote, pima mishalo kona kwa kona ziwe sawa, kisha ndo uchomee kwa vipande vifupi ukihama hama, usimalize pembe moja kwa mkupuo, boksi litapinda. Safisha kwa grenda, ung'oe na cheche zilizoganda ndani.

Miguu ichomee nje ya boksi sio chini ya sakafu yake, sakafu ndo inayopata moto na itazama kati. Ndani usipake rangi. Nje ukitaka paka ile ya kuhimili joto. Kabla hujampa mwenyewe, washa mkaa seredani ikiwa tupu kama saa moja mpaka harufu ya mafuta ya kiwandani iishe, iache ipoe, kisha ifute kote kwa kitambaa chenye mafuta ya kupikia kidogo, na mwambie kila usiku amwage jivu asiliache humo, maana jivu likinyonya unyevu wa bahari sakafu inaliwa na kutu kabla ya kuta.