Kabla Hujatundika Taa Nzito Juu ya Tangi la Samaki

Taa ya kilo 15 ikichomoka darini inaweza kupasua kioo, kumwaga mamia ya lita sakafuni na kutumbukia majini ikiwa bado ina umeme. Samaki waliomo hawana pa kukimbilia, na mtu aliyetia mkono ndani ya tangi wakati huo yumo katika hatari ya kufa. Hofu hiyo ndiyo iliyonifundisha kutumia muda mrefu kuliko wote katika kujua kilichojificha juu ya dari. Kulabu na nyaya zinapatikana kwa urahisi. Boriti ya kuzibeba ndiyo ya kutafutwa.

Lakini huwezi kuitafuta bila kujua uzito. Usiubahatishe. Panda kwenye mizani ya kupimia mwili ukiwa umeibeba taa, kisha panda tena mikono mitupu, utoe tofauti. Ipime ikiwa kamili: balbu, kioo cha kinga, feni, waya wake na balasti (kifaa kinachodhibiti umeme wa balbu) kama imejengewa humo. Taa nyingi za LED ni za kilo chache tu, ila zile za metali halaidi (balbu kali zenye gesi na chumvi za metali ndani) zenye balasti humo humo hufika kilo 20 na zaidi. Kama balasti yako inajitegemea, iweke chini kando ya tangi, mahali pakavu penye hewa. Huo ni uzito uliouondoa darini bila gharama yoyote.

Ukishapata uzito, uzidishe mara tano. Mimi hutaka kila sehemu ya kutundikia iweze kubeba kiasi hicho ikiwa peke yake. Wengine wataona nimezidisha woga, lakini taa iliyoning'inia kwa nyaya nne haigawi mzigo sawasawa. Waya mmoja ukiwa mrefu kidogo unalegea, na mara nyingi mbili zinazokabiliana ndizo zinazobeba karibu mzigo wote.

Sasa dari yenyewe. Bodi ya jipsamu huwa na unene wa milimita 9 hadi 12.5 hivi, na kazi yake ni kufunika. Zipo kulabu zenye mabawa yanayofunguka upande wa juu wa bodi, na pakiti zake huandikwa kilo nyingi za kutia moyo. Sizitumii juu ya tangi. Jipsamu ikipata unyevu hulegea, na hakuna dari inayopata unyevu wa kudumu kama ile iliyo juu ya maji yaliyo wazi. Inaweza kushika leo na mwezi ujao, halafu ikaachia usiku mmoja bila dalili. Dari ya vigae vilivyolazwa kwenye fremu nyepesi za chuma ndiyo usiiguse kabisa. Mzigo lazima uipite na kufika kwenye muundo wa jengo.

Boriti unaitafuta kwa sumaku. Ipitishe taratibu darini. Itanasa kwenye vichwa vya skrubu au misumari iliyoshikilia bodi, na ukiweka alama utaona mstari. Mistari hiyo mara nyingi huachana kwa milimita 400 au 600, katikati hadi katikati. Thibitisha kwa kutoboa na msumari mwembamba, na uendelee kutoboa pembeni hadi upate kingo zote mbili za mbao, ndipo ujue katikati yake. Skrubu iliyoingia ukingoni hupasua mbao na kushika nusu nusu.

Hapa pana mtego ambao watu wengi hawauoni. Ule mstari ulioupata huenda si boriti. Katika nyumba nyingi bodi hupigiliwa kwenye vipande vyembamba vya mbao, na vipande hivyo navyo vimepigiliwa kwenye maboriti kutokea chini. Ukikaza skrubu yako kwenye kipande hicho itaingia vizuri na utaridhika, kumbe taa nzima inashikiliwa na misumari michache inayovutwa moja kwa moja kuelekea chini, upande uleule ilikopigiliwa kutokea. Msumari wa namna hiyo huchomoka kidogo kidogo. Kama dari ina mlango wa kupandia, panda na tochi ujionee. Hakuna kifaa cha kugundulia mbao kinachoshinda macho yako. Ukiwa huko juu angalia pia nyaya za umeme na mabomba yanapopita, usije ukayatoboa. Ukikuta kenchi za paa, usizikate wala kuzichonga.

Tangi halikujengwa kufuata maboriti, kwa hiyo sehemu unazotaka kutundikia na mahali mbao zilipo havitalingana mara nyingi. Usisogeze skrubu hadi mahali pasipo na mbao kwa sababu tu panapendeza. Funga reli ya chuma au ubao mnene unaovuka maboriti mawili au matatu, kisha tundika taa popote kwenye reli hiyo.

Kwa mbao laini, skrubu yenye pete na kipenyo cha milimita 6 hutanguliwa na tundu la kama milimita 4, na nyuzi zake ziingie ndani ya mbao yenyewe angalau milimita 40. Unene wa bodi hauhesabiwi. Pete iwe imefungwa kabisa. Kulabu iliyo wazi huachia waya siku utakapoinua taa kidogo ili usafishe.

Slabu ya zege ni imara, lakini ina masharti yake. Plagi ya plastiki iliyozoeleka ukutani haifai kuvutwa kwenda chini mwaka baada ya mwaka. Tumia bolti za chuma zinazopanuka ndani ya tundu, toboa kina kilichoandikwa na mtengenezaji, na utoe vumbi lote kabla ya kuipachika. Uliza kwanza slabu ilijengwaje. Ile iliyojengwa kwa matofali yenye uwazi haishiki bolti hizo popote upendapo. Na kama ndani kuna nyaya za chuma zilizokazwa kwa mvuto mkubwa, usitoboe hata milimita moja kabla mhandisi wa majengo hajakuonyesha zinapopita, kwa sababu kuukata waya wa namna hiyo ni kuliumiza jengo zima.

Nyaya za kutundikia zishuke wima. Nyaya mbili zilizo wima hubeba nusu ya uzito kila moja. Zikichanuka nyuzi 45 kutoka wima, kila moja hubeba asilimia 71 ya uzito wote, na zikifika nyuzi 60, kila moja inabeba uzito mzima, huku skrubu zikivutwa kwa pembeni. Kwa hiyo ile pembetatu inayopendeza machoni inaweza kukudai mara mbili ya nguvu uliyoipanga.

Chagua chuma cha pua, na kwa tangi la maji ya chumvi chagua daraja la 316, linalovumilia chumvi kuliko 304. Vyuma vilivyopakwa zinki huanza kutu mapema penye mvuke wa chumvi, na unga wa kutu hudondokea majini. Pete za shaba nazo ziepuke juu ya tangi: shaba ni sumu kwa kamba na matumbawe, hata kwa kiasi kidogo. Ongeza waya mmoja wa akiba, uliofungwa kwenye sehemu yake pekee darini na kwenye fremu ya taa, ukiwa umelegea kidogo. Huo ndio utakaoidaka taa mengine yote yakishindwa.

Waya wa umeme usibebe uzito wowote. Uache ushuke chini ya usawa wa soketi kisha upande, ili tone la maji lidondokee kwenye kona ya chini badala ya kutambaa hadi kwenye soketi. Saketi hiyo iwe na kifaa kinachokata umeme unapovuja, cha miliampia 30, na ukibonyeze kitufe cha majaribio kabla ya kuwasha taa. Kama huna kifaa hicho, ahirisha kazi.

Amua pia kimo kabla ya kukata nyaya. Taa za metali halaidi ni za moto sana, na wengi huziacha sentimita 20 hadi 30 juu ya maji. Nyaya ziwe ndefu kiasi cha kurekebishika, maana mkono wako lazima upite chini ya taa kila wiki.

Siku ya kutoboa, zima swichi kuu ya chumba na ulifunike tangi kwa plastiki na ubao. Vumbi la zege likiingia hupandisha pH ya maji, yaani kipimo cha asidi na alkali. Ni vizuri zaidi kama kutoboa na kujaribu vitafanyika kabla tangi halijawekwa mahali pake.

Jaribio ni rahisi: lita moja ya maji ni kilo moja. Ning'iniza dumu la lita 20 kwenye kila pete, au madumu mawili kama taa ni nzito, mara mbili ya uzito wa taa kwa uchache, na usisimame chini yake. Kwanza chora kwa penseli mstari unaovuka shina la skrubu pale linapokutana na dari. Acha usiku kucha. Niliwahi kufanya hivyo nikakuta asubuhi mstari umeshuka milimita mbili. Nilipopanda na tochi nikaona skrubu ilikuwa imeingia kwenye kipande chembamba cha mbao, na msumari wake ulikuwa umeanza kuonyesha shingo.