Gari la zamani linagoma likiwa la moto: lipime hapo hapo, usingoje lipoe

Asubuhi linashika kwa stata moja. Unafika soko la Majengo, unazima, unanunua nyanya dakika kumi, ukirudi linagoma. Ukingoja nusu saa linawaka kana kwamba halijakukosea kitu. Fundi akija gari limeshapoa, haoni tatizo, basi anaanza kubahatisha: betri, plagi, pampu. Mimi nilibadilishiwa betri kwa mtindo huo, na ya zamani ilikuwa nzima.

Kwa hiyo vipimo hivi fanya gari likiwa limegoma. Kwenye buti weka plagi moja ya zamani, koleo la mpini wa mpira, kitambaa, chupa ya maji na mita ya kupimia volti na omu.

Hatua ya 1: sikiliza stata. Ikizunguka kivivu au ikigonga "ta!" tu, achana na mafuta, shida ni umeme. Stata nyingi zinakaa karibu na ekzosi, na shaba ikipata joto hupitisha umeme kwa tabu. Weka mita kwenye betri, mwenzako apige stata. Ikishuka chini ya volti 9.6, shuku betri. Ikibaki juu, waya mmoja wa mita uache kwenye hasi ya betri, mwingine ugusishe chuma kitupu cha injini huku mwenzako akipiga stata tena. Ikisoma zaidi ya nusu volti, ethi (waya unaounganisha hasi ya betri na injini) imeoza au imelegea. Msasa kwanza, duka baadaye.

Hatua ya 2: stata ikizunguka kwa nguvu, tazama moto wa plagi, yaani cheche. Chomoa waya wa plagi, chomeka ile plagi ya zamani, ibane kwa koleo iguse chuma cha injini, mbali na petroli. Cheche ya buluu inayolia ni nzima. Ikiwa haipo, au ni ya njano na nyembamba, wahusika ni koili (inayotengeneza umeme wa cheche), moduli ya moto (inayoiwasha na kuizima koili) au sensa ya krenki (inayohisi injini ikizunguka). Koili yenye umbo la kopo ipoze kwa kitambaa chenye maji, usiloweshe vichwa vya waya. Likiwaka, umempata mwizi.

Hatua ya 3: cheche ipo? Nusa. Harufu kali ya petroli maana yake imezidi. Ukizima injini, maji hayazunguki tena na feni ya mkanda inasimama, joto lote linapanda kwenye kabureta (inayochanganya petroli na hewa), petroli inachemka na kumwagikia ndani. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo inachemka mapema kuliko Dar. Nikitoka Morogoro niliwahi kufungua kifuniko cha chujio la hewa pale Kibaigwa: injini imezimwa, lakini petroli inadondoka kooni mwa kabureta, tone baada ya tone, kama bomba bovu. Dawa ya njiani: kanyaga pedeli mpaka chini, shikilia bila kupampu, piga stata sekunde kumi. Moshi mweusi ukitoka, ndiyo hiyo.

Hakuna harufu? Mafuta hayafiki. Funika pampu iliyo kwenye injini kwa kitambaa cha maji ili ipoe. Gari la nozeli (linalonyunyiza petroli kwa nozeli badala ya kabureta), washa swichi sekunde tatu, zima, rudia mara tatu, kisha piga stata. Likishika haraka, presha inavuja. (Magari mengine ya zamani pampu haifanyi kazi mpaka stata izunguke, kwa hayo kipimo hiki hakisemi kitu.)

Maswali ya wanachama

Swali, Nkuhungu: Fundi, vibanio vya nguo kwenye bomba la mafuta vinasaidia?
Jibu: Havina madhara, ila mti haupoozi kitu. Sogeza bomba mbali na ekzosi, uweke bati la kukinga joto.

Swali, Chang'ombe: Kaka, langu ni la nozeli, plagi zinatoka nyeusi na mbichi likiwa la moto tu.
Jibu: Pima sensa ya joto la maji, dada, ile ya waya mbili. Injini ya moto inatakiwa isome omu mia chache. Ikisoma elfu mbili, kompyuta ya gari inadhani ni alfajiri na inamwaga petroli. Ikiwa salama, hamia kwenye nozeli.

Swali, Manyoni: Linazima nikipanda Saranda, halafu linakataa dakika ishirini. Stata nzima.
Jibu: Mshale wa mizunguko ya injini kwenye dashibodi unacheza ukipiga stata?
Swali: Umelala sifuri.
Jibu: Anza na sensa ya krenki, au ile iliyo ndani ya distributa (inayogawa moto kwa plagi). Soketi yake ichomoe uiangalie kabla hujaagiza spea.