Ukikuta watu wanagombania The Music Man ya Hugh Jackman, fanya hivi kabla hujachagua upande

The Music Man, igizo la muziki la zamani lililorudishwa Broadway (kumbi kubwa za maigizo za New York) mwaka 2022 na Hugh Jackman na Sutton Foster, ukiitaja tu mbele ya wapenzi wa maigizo ya muziki unapata kambi mbili hapohapo. Hawa wanasema raha mwanzo mwisho, wale wanasema mihela yote ile imeenda kupamba kitu cha zamani ambacho kingeachwa kipumzike. Na we uko katikati, umeona vipande viwili vitatu yutyubu ukavipenda, afu ukasoma uchambuzi mmoja mkali ukaanza kujiuliza kama masikio yako ni mabovu. Sio mabovu. Nakupa njia ya kupita kwenye maneno yote hayo mpaka utoke na maoni yako mwenyewe, na yangu nitayasema njiani maana kunyamaza siwezi.

Anza na hadithi, maoni ya watu weka pembeni kwanza. Ni mwaka 1912, kamji kadogo kanaitwa River City huko jimbo la Iowa, anashuka tapeli mmoja kwenye treni anajiita Profesa Harold Hill (huyu ndo Jackman). Kazi yake ni kuwauzia wazazi vyombo vya muziki na yunifomu za bendi ya watoto, anaahidi atawafundisha kupiga, afu akishakusanya hela anayeyuka kabla watu hawajashtuka kwamba hata noti moja ya muziki haijui. Sasa ili wazazi watoe hela lazima kwanza waogope kitu, kwa hiyo anatupa macho mjini anakuta kuna meza ya pool imeingia juzijuzi, basi anasimama anawahubiria mpaka ile meza inaonekana ni mlango wa jehanamu na bendi ndo wokovu wa vijana. Anayemshtukia mapema ni Marian (huyu ndo Foster), mkutubi wa mji na mwalimu wa piano. Hill anadai alihitimu chuo cha muziki cha mji wa Gary mwaka 1905, Marian anafungua kitabu anakuta mji wenyewe wa Gary umeanza kujengwa 1906! Utani wa humu ndani ni wa aina hiyo, ndo maana mtu akiniambia hii shoo ni sukari tupu namwangalia mara mbili. Aliyeandika nyimbo na maneno, Meredith Willson, alizaliwa hukohuko Iowa na akapiga filimbi kwenye bendi maarufu ya John Philip Sousa, mtunzi wa muziki wa gwaride, kwa hiyo alikuwa anawacheka watu wake na anawapenda palepale.

Ukitaka kuiona nzima tafuta filamu ya 1962, ni ndefu, inapita masaa mawili na nusu, ila Hill ni Robert Preston yuleyule wa jukwaa la 1957, shoo ilipofunguliwa Broadway mara ya kwanza. Hilo la Preston litakusaidia mbele.

Baada ya hapo sikiliza albamu mbili, ya 1957 na ya 2022, ila usisikilize kama unapiga deki. Chukua nyimbo chache uzibane. Ya kwanza ni Rock Island, hapo wauzaji wasafiri wapo kwenye behewa wanabishana tu, hakuna chombo hata kimoja kinachopigwa, mwendo wa maneno yao ndo unageuka treni, inaanza taratibu inachanganya afu inakuja kufunga breki. Afu weka Goodnight My Someone, ambao Marian anaimba polepole kama bembelezi, ukimaliza weka Seventy-Six Trombones ambao Hill anauimba kwa mbwembwe za gwaride. Ni melodi ileile! Mmoja umekaa kwenye mapigo ya waltz, moja-mbili-tatu, mwingine umekaa kwenye mapigo ya gwaride. Yaani mwandishi kashakwambia hawa wawili watakuja kukutana kabla wao wenyewe hawajajua, na hajakwambia kwa maneno. Mi hapo ndo niliacha kuiita shoo ya wazee.

Sasa ndo ufungue maoni, na kazi yako hapa ni moja, kila lawama na kila sifa jiulize inaongelea nini hasa, maana watu wanasema "shoo mbovu" au "shoo kali" wakati kila mmoja ana kesi yake.

Kesi ya bei kwa mfano. Viti vya bei ya juu kabisa vilifika karibu dola 700, na mtu aliyelipa hivyo au aliyeshindwa kulipa hivyo haongei kwa utulivu. Aliyelipa mara nyingi anataka hela yake iwe imeenda kihalali kwa hiyo atasifia, aliyeshindwa atasema ni shoo ya matajiri. Wote wana haki yao ila hakuna hata mmoja anayekwambia kitu kuhusu kilichotokea stejini. Kuna na kesi ya nyuma ya pazia, prodyuza wa mwanzo Scott Rudin alijiweka pembeni 2021 baada ya magazeti kuandika alivyokuwa anawatendea wafanyakazi wake, na wapo waliobaki na hasira hiyo mpaka siku ya ufunguzi. Ni hasira ya haki, ila nayo iweke kwenye fungu lake.

Na kinyume chake kuna upendo uliokuja mapema. Maonyesho ya majaribio yalianza Desemba 20, 2021, Covid ikiwa inapiga Broadway vibaya, siku chache tu Sutton Foster akakutwa nayo. Akaingia Kathy Voytko, muigizaji wa akiba aliyekuwa anajua nafasi nane tofauti za shoo hiyo, kaambiwa saa sita mchana kwamba leo wewe ndo Marian, saa saba akafanya mazoezi yake ya kwanza kabisa kama Marian, usiku kapanda jukwaani. Mwisho wa shoo Jackman akamsifu akaongea na watu kuhusu waigizaji wa akiba wote wa Broadway, video ikasambaa dunia nzima. Nani angeichukia shoo baada ya kuona ile? Siku chache mbele Jackman mwenyewe nae akakutwa na Covid wakasimamisha. Kwa hiyo inafika usiku wa ufunguzi Februari 10, 2022 pale ukumbi wa Winter Garden, watu wengi wameshaipenda au wameshaichukia kwa mambo ambayo Willson hakuyaandika.

Kesi za kweli, zinazohusu shoo yenyewe, mi naona ni tatu, na ya tatu ndo kubwa.

Sauti ya Marian. Barbara Cook, Marian wa 1957, alikuwa soprano, ile sauti ya juu ya kike, zile nyimbo zimeandikwa zipae. Foster ni mtu wa sauti ya kifua na mwili wa kucheza, ana Tony mbili (tuzo kubwa za Broadway) kwa kazi hizo, kwa hiyo funguo za nyimbo zikashushwa, yaani zinaimbwa kwa sauti ya chini zaidi. Ukitaka kujua uko upande gani weka My White Knight ya Cook afu ya Foster bila kupumzika katikati. Ile ya kwanza inakuinua, ya pili inakaa chini karibu na mazungumzo. Mi nimemkosa Cook, sitaki kuficha, ila Marian wa Foster anachekesha zaidi, ana dharau tamu, na kwenye igizo la kuchekesha hiyo sio faida ndogo. Tahadhari tu, ukiitafuta My White Knight kwenye filamu ya 1962 hutaupata kama ulivyo, waliweka mwingine mahali pake, usije ukabishana na mtu mnaongelea nyimbo mbili tofauti.

Ya pili ni maneno yaliyobadilishwa. Wimbo wa Shipoopi wa zamani unawasema wasichana wanaotoa busu mapema, kwenye toleo la 2022 waandishi wa nyimbo Marc Shaiman na Scott Wittman wakaandika maneno mapya na sasa wanaosemwa ni wanaume, kuhusu kumtendea mwanamke vizuri. Kelele zikapigwa kwamba wanaharibu urithi. Ushauri wangu, anayelia urithi muombe asome maneno ya zamani yote kwa sauti mbele ya dada zake, afu muendelee. Upande wa pili nao usiwaache hivihivi, maana kubadili wimbo mmoja wakati Hill bado anamzengea Marian ndani ya maktaba mpaka mkutubi wa watu anashindwa kufanya kazi, hapo umesafisha kona moja ya chumba.

Ya tatu ni Hill mwenyewe, na hapa ndo pa kutulia.

Kwanza jua wachambuzi wa New York walikuwa wametoka kula nini. Mwaka 2019 Oklahoma!, igizo jingine la zamani lililoongozwa upya na Daniel Fish, ilichukua Tony ya toleo bora la kurudishwa, giza, bunduki ukutani, mapumzikoni watu wanagawiwa chili na mkate wa mahindi, maneno yaleyale ya zamani lakini unaogopa. Ukitoka hapo ukakaribishwa kwenye hii Music Man iliyoongozwa na Jerry Zaks, safi, ya kung'aa, kila mtu anatabasamu, lazima uulize mbona hamjaigusa. Swali zuri, ila lisiwe fimbo ya kupigia kila shoo. Maana Zaks huyohuyo ndo alirudisha Hello, Dolly! mwaka 2017 na Bette Midler, safi na ya kung'aa vilevile, na ikabeba Tony. Kwa nini ile ilikubalika na hii ikagawa watu?

Jibu langu ni kwamba Dolly, mhusika mkuu wa ile, ameandikwa apendwe akiingia tu, wahudumu wa mgahawa mzima wanamuimbia karibu tena, kwa hiyo ukumbi ukilipuka kwa ajili ya Midler, hadithi inasonga mbele. Hill ameandikwa kinyume. Anaingia kwa watu wagumu wasiomjua, lazima ahangaike, adanganye, atoe jasho, mpaka mji uanguke mmojammoja. Sasa mlete Hugh Jackman, watu wamelipa mamia ya dola kumuona yeye, wanapiga makofi kabla hajafungua mdomo, huyo anamtapeli nani? Keshashinda. Hakosi kitu kwenye kucheza wala bidii, ana Tony yake ya 2004, ila sikiliza Ya Got Trouble, ule wimbo wa kuhubiri meza ya pool, ya kwake na ya Preston. Preston hakuwa mwimbaji, anaongea kwa mapigo na kuna kitu kama mchanga kwenye koo lake, unasikia mtu ambaye asipouza leo hana pa kulala. Jackman anauimba vizuri, kwa furaha, na mi sikuogopa chochote. Na usidhani dawa ni kumuiga Preston, Craig Bierko, Hill wa toleo la 2000, alifanana nae sauti mpaka watu wakalalamika kwamba wanasikia mzimu.

Mtu akikuletea namba usizikatae, ila usimwachie zifunge kesi. Shoo ilikuwa inaingiza zaidi ya dola milioni 3 kwa wiki, na ikateuliwa Tony 6 ikatoka na sifuri, toleo bora la kurudishwa likaenda kwa igizo la Company. Kila kambi inashika namba yake na kuacha nyingine, utaona.

Ukishafika hapa andika maoni yako, na uyaanze kwa kusema umeona nini hasa, jukwaani, albamu, filamu, au ile Seventy-Six Trombones waliyocheza kwenye usiku wa Tony 2022, maana kile kipande cha Tony kina dansi tupu na mtu aliyeona hicho peke yake atamtetea Jackman mpaka asubuhi, na kwa kile kipande atakuwa sahihi. Yangu ni haya: dansi alizopanga Warren Carlyle ndio, vichekesho vya Foster ndio, funguo zilizoshushwa nimezimeza kwa shida, Hill hapana. Kama wewe Hill wa Jackman kakutapeli kweli, niambie ni dakika gani ya albamu nirudi nisikilize tena.