Kufufua injini ya Alfa Romeo Spider iliyochemka: hatua kwa hatua, kutoka gereji ya Malindi

Mwenye gari akikuambia injini imekufa, usimkubalie bado. Injini ya Alfa Romeo yenye kamshafti mbili, zile shafti za juu zinazofungua valvu, ni ngumu kuua, na hapa Malindi nimeona sababu mbili tu zinazorudi kila mara: maji ya kisima na matuta ya barabarani.

Maji kwanza. Bloku, yaani mwili wa injini, ni ya alumini, hedi inayokaa juu yake ni ya alumini, na ndani ya bloku slivu za chuma, mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, zimesimama zikiogelea kwenye maji. Ukijaza rejeta maji ya kisima cha pwani yenye chumvi, umeweka metali mbili kwenye supu ya kuzila. Matuta nayo yanavunja sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Sampu ya gari hili ni ya alumini, iko chini sana, na ikigonga tuta hupata ufa. Oili humwagika kidogo kidogo njia nzima na beringi hufa kabla dereva hajaangalia geji.

Waitaliano wameishi hapa tangu kituo cha kurushia roketi cha San Marco kilipojengwa Ngomeni miaka ya 1960, kwa hiyo Spider la zamani lililolala chini ya makuti si ajabu. Hapa nazungumzia injini ya 2000, ambayo hasa ni sentimita za ujazo 1962: pistoni ya milimita 84, mwendo wa milimita 88.5. Ya 1750 ni ndugu yake mwenye pistoni ya 80, na kazi ni ile ile. Vipimo vya kukaza nati vichukue kwenye kitabu cha fundi cha injini yako. Usivichukue kwa mtu yeyote wa mdomo, hata mimi.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kushika spana

Chomoa dipstiki. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Utando mweupe chini ya kifuniko cha oili peke yake si ushahidi, kwa sababu gari lililokaa karibu na bahari na kuwashwa dakika tano tano na askari wa nyumba hupata utando huo kwa unyevu tu.

Angalia rejeta. Maji ya hudhurungi ni kutu ya slivu. Unga mweupe unaoganda kwenye mdomo wa mipira ni alumini inayoliwa. Oili ikielea juu ya maji, lakini oili ya kwenye dipstiki ni safi na kompresheni (mkandamizo ndani ya silinda) ni nzuri, shuku oringi. Gasketi ya hedi ya injini hii, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, ina oringi sita ndogo za mpira zinazozunguka matundu ya oili, na zikikauka oili hupenya kwenda kwenye maji. Mafundi wengi hawazijui, wakaishia kulaumu gasketi nzima au kumwambia mwenye gari hedi imepasuka.

Sasa kompresheni. Plagi zote nne nje, betri imejaa, na mwenzako akanyage eksileta mpaka chini, la sivyo geji itakudanganya. Gari la 1974 nililolipokea kutoka mtaa wa Casuarina hapa Malindi lilisoma hivi kwa psi: silinda ya kwanza 150, ya pili 70, ya tatu 65, ya nne 145. Silinda mbili za jirani zikianguka pamoja, gasketi imeungua katikati yao. Ingekuwa moja tu iliyoanguka, ningemimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na kupima tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu. Ukiwa na kompresa ya hewa, pandisha pistoni juu kabisa kwenye mkandamizo, tia gia na breki ya mkono, puliza hewa kupitia tundu la plagi, kisha sikiliza. Mlio kwenye kabureta ni valvu ya kuingiza. Kwenye egzosi, valvu ya kutoa. Kwenye mdomo wa oili, ringi. Mapovu kwenye rejeta, gasketi au ufa.

Injini inayogonga usiiwashe mara ya pili ili "kusikia vizuri". Fungua oili, ichuje kwenye kitambaa cheupe, kipeleke juani. Ukiona vumbi linalometameta rangi ya shaba, beringi zimefika mwisho na sampu lazima ishuke. Hapo huna la kujadili na mwenyewe.

Hatua ya 2: Kuvua hedi

Hapa ndipo injini nyingi huharibiwa na fundi, wala si barabara. Hedi inakaa kwenye stadi ndefu za chuma, yaani boliti zisizo na kichwa, na chumvi ikishaingia, stadi na alumini hushikana. Kijana wa gereji atakuja na bisibisi na nyundo apige kwenye mshono. Mzuie. Bisibisi itachimba uso wa hedi na uso wa bloku kwa pigo moja, na hapo umenunua kazi ya mashine ambayo haikuwapo.

Kabla ya kulegeza chochote, zungusha krenki, ile shafti ya chini inayozungushwa na pistoni, hadi alama ya P kwenye puli ilingane na kielekezi, na meno ya kamshafti (vinundu vinavyosukuma valvu) ya silinda ya kwanza yaangalie nje, kila moja upande wake. Angalia mstari ulio kwenye kila kamshafti na mstari wa kifuniko chake cha mbele. Piga picha. Legeza kikaza mnyororo, ufungue kiungo cha mnyororo wa juu, na ncha zake zifunge kwa waya zisitumbukie chini.

Legeza nati kutoka nje kuelekea katikati, kila moja robo mzunguko, hedi ikiwa baridi. Kisha mimina mafuta ya kulegeza kutu kwenye kila tundu la stadi, na urudie asubuhi na jioni. Siku kadhaa, si saa kadhaa. Hedi hunyanyuliwa sawasawa kutoka juu kwa bamba lililofungwa kwenye stadi za kamshafti na winchi, huku mwenzako akigonga pembeni kwa nyundo ya mpira.

Ikitoka, usizungushe krenki! Slivu hazikushikwa na kitu ila mkazo wa hedi uliyoivua; pistoni ikipanda itaibeba slivu, na mpira ulio chini yake utahama. Tope lote la maji litaingia kwenye sampu. Kata vipande vya bomba, viweke kwenye stadi pamoja na washa pana na nati ili vibane midomo ya slivu.

Hatua ya 3: Slivu, pistoni na krenki

Slivu pima ukubwa wake pale ringi ya juu inapokomea, kwa sababu hapo ndipo zinapolika zaidi, kisha pima chini ambako ringi haifiki. Tofauti ndiyo ulaji. Pima pia kwa kuvuka, maana slivu huwa yai. Slivu na pistoni huuzwa zikiwa zimeoanishwa kwa seti. Usimwache muuzaji akupe slivu za kisanduku hiki na pistoni za kile.

Kitako cha slivu ndani ya bloku kisafishe mpaka kisiwe na chembe. Weka slivu bila mpira, ibane, kisha pima kwa saa ya kupimia mdomo wake unavyozidi uso wa bloku. Isizame hata kidogo, na mbili za jirani zilingane. Slivu iliyozama ndiyo iliyounguza gasketi ya gari la Casuarina: kutu ilikuwa imekula kitako cha silinda ya tatu, na gasketi ya kwanza iliyofungwa na mtu mwingine haikuwa na mahali pa kubana. Ningeweka gasketi mpya juu ya hali ile, lingerudi.

Krenki iko kwenye beringi kuu tano. Peleka Mombasa kwa mwenye mashine ipimwe. Mwambie afungue vifuniko vidogo vinavyoziba njia za oili ndani ya krenki. Nyuma yake hujificha tope lililoganda la miaka, na ukiacha, injini mpya itakunywa tope hilo siku ya kwanza. Asipotaka kuvifungua, tafuta mwingine.

Chuma kilichosafishwa hapa hakilali wazi. Msimu wa kusi hewa yenyewe ni chumvi, na slivu iliyopanguswa kavu jioni asubuhi ina kutu ya machungwa. Ipake oili, ifunge kwa nailoni.

Hatua ya 4: Hedi na valvu

Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa hedi, kwa urefu na kwa kukingama. Fila geji (kipande chembamba cha kupimia mwanya) ya milimita 0.05 ikipita, hedi imepinda na inakwenda mashine. Toa kidogo iwezekanavyo. Matundu ya maji yaliyoliwa hadi kukaribia duara la gasketi yajazwe kwa kuchomelewa kabla ya kusawazishwa.

Onyo moja lisilo na mzaha: valvu za egzosi za injini hii zina sodiamu ndani ya shina. Sodiamu ikikutana na maji hulipuka. Usizikate, usizichomelee, usizitupe kwenye moto wa takataka, wala usimpe kijana atengenezee patasi.

Kaza kamshafti na upime nafasi za valvu zote nane, yaani mwanya kati ya jino la kamshafti na bakuli la valvu, uziandike. Vijikofia vya kurekebishia viko chini ya bakuli za valvu, kwa hiyo ili kubadilisha kimoja lazima kamshafti itoke. Usiitoe mara nane. Kama umepima milimita 0.60 na kitabu kinataka 0.45, kijikofia kipya kiwe kinene kwa 0.15 kuliko cha zamani. Fanya hesabu zote, toa mara moja, rudisha mara moja.

Hatua ya 5: Kufunga

Ingiza ringi moja moja ndani ya slivu, isukume kwa pistoni ikae sawa, na pima mwanya wa ncha zake. Kwa pistoni ya 84 sishuki chini ya milimita 0.30, kwa sababu ringi ikipata moto hurefuka, na ncha zikigusana itavunjika. Beringi zote zipake oili nzito. Kila kifuniko kirudi mahali pake na upande wake.

Gasketi ya hedi haipakwi gundi. Hakikisha oringi sita zimekaa, hesabu kwa kidole. Kaza nati kwa torki renchi kwa awamu tatu, kutoka katikati kwenda nje. Ukishafunga mnyororo, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili. Ikigota, simama, valvu imekutana na pistoni na alama zako hazikulingana. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2.

Hatua ya 6: Kuwasha

Tia oili ya 20W-50. Kabla ya plagi kuingia, zungusha kwa stata mpaka geji ya oili ipande. Rejeta itie kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa yasiyo na chumvi. Watu huniambia Malindi hakuna barafu, kulanti ya nini? Ni ya kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka, barafu haina habari nayo.

Usiiache ikinguruma pale pale kwa saa nzima. Ipeleke njia ya Mambrui, vuka daraja la Sabaki, halafu gia ya tatu: kanyaga, achia, kanyaga, achia. Ringi hukaa kwa mzigo. Oili badilisha baada ya kilomita 500, na baada ya kama 1000 rudia kukaza hedi injini ikiwa baridi kabisa, kwa utaratibu wa kitabu.

Bamba la chuma chini ya sampu lifunge kabla gari halijatoka gereji. Kisha zungumza na askari wa nyumba, maana mwenyewe akirudi Italia yeye ndiye mwenye gari. Aambiwe mbele ya bosi wake: rejeta haifunguliwi wala haijazwi kwa ndoo, na gari haliwashwi dakika tano kila Jumamosi. Ama liendeshwe mpaka lipate moto kamili, ama betri itolewe na lifunikwe.