Madoa ya aksolotli: la kawaida na la kushughulikia

Aksolotli ni amfibia wa majini, wa jamii ya salamanda. Aliye mweupe akianza kutoka vitone vyeusi usoni, mwenye kumfuga hushtuka. Hapa Minneapolis wazazi kadhaa ninaofahamiana nao walimnunua mnyama huyu kwa sababu ya watoto, waliomjua kwenye mchezo wa Minecraft alipoingizwa humo mwaka 2021. Swali lao la kwanza kwangu huwa hilo hilo: "Dada, huyu anaumwa?" Mara nyingi haumwi. Lakini wa kulijibu vizuri ni yule anayejua ngozi ya mnyama wake ilikuwaje mwezi uliopita, kwa hiyo anza kuweka kumbukumbu tangu siku anapofika nyumbani.

Kwanza mjue wako ni wa aina gani. Kashata wangu ni mweupe mwenye macho meusi, aina iitwayo lusistiki. Kwa hawa, seli za rangi hushindwa kusambaa mwilini mnyama akiwa bado kwenye yai. Chache zinazofanikiwa kukaa kichwani na mgongoni ndizo hutoa vitone, navyo huongezeka kadiri anavyokua. Usivitafutie dawa. Mwenzake, Zege, ni wa rangi ya asili, kama jamaa zake wa mifereji ya Xochimilco kule Mexico City: kahawia ya kijani iliyokoza, mabaka meusi, na vinukta vya dhahabu. Yeye hukoza au kupauka kidogo kufuatana na rangi ya sakafu ya tangi. Ukiwa na mweusi mtupu, yaani melanoidi, hatakuwa na ule mduara unaong'aa machoni, hakuzaliwa nao. Kitu kingine kinachowatisha watu ni vidole: aksolotli mweupe au wa dhahabu akishapevuka, ncha za vidole hugeuka kahawia. Havijaoza.

Picha napiga kila Jumapili asubuhi kabla ya kuwalisha. Siwatoi majini, kwa sababu ngozi yao ni laini mno na kushikwashikwa kunaichubua. Nabandika karatasi nyeupe pembeni ya kioo, ili nikilinganisha picha za wiki mbili nijue kama aliyebadilika ni mnyama au ni mwanga wa chumba. Taa ya kamera naizima. Hawana kope za kufumba. Napiga kutoka juu, ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, kisha matamvua, yaani zile nyuzi za kupumulia zilizo pembeni mwa kichwa, kwa karibu, upande mmoja mmoja. Tumbo nalisubiri mpaka apande kwenye kioo.

Halafu nina daftari lenye mchoro wa mwili wake, na kila doa nalitia mahali pake. Kashata ana vitone vitatu vilivyojipanga kati ya pua na jicho la kushoto, na kikubwa zaidi kwenye shina la tamvua la kati upande wa kulia. Nikikuta kipya, naandika tarehe na mambo mawili: kimelala ndani ya ngozi au kimeinuka, na kingo zake zikoje. Hayo mawili yana maana kuliko rangi yenyewe.

Weusi uliolala, unaokuja taratibu, uache. Uvimbe ulioinuka, unaokua kila wiki au kutoa damu, ni wa kupeleka kwa daktari, maana aksolotli nao hupata saratani ya seli za rangi. Nyuzi nyeupe kama pamba kwenye matamvua au kwenye kidonda ni kuvu. Utando mwembamba unaobambuka, na chini yake ngozi ni nyororo, ni ngozi kuukuu tu. Mara nyingine huila mwenyewe.

Wekundu ndio unaotaka jicho kali. Kashata akitoka kula au kuogelea kwa nguvu, mashavu na miguu humwiva kwa damu, kisha hurudi weupe wake. Hiyo ni afya. Wekundu unaoganda tumboni au miguuni, huku nyuzi za matamvua zikifupika na ngozi ikichunika, unaashiria maji yenye amonia, sumu itokanayo na kinyesi na mabaki ya chakula, yanayomuunguza.

Kwa hiyo doa lolote la kutilia shaka likitokea, pima maji kabla ya kununua chochote. Tumia vipimo vya matone. Vile vya karatasi mimi siviamini. Bakteria wa tangi huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati: amonia iwe 0, nitriti 0, nitrati isizidi miligramu 20 kwa lita. Joto zuri ni nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. Likipita 20 naweka feni ipulize juu ya maji, na Julai naongeza chupa ya maji yaliyogandishwa. Likifika 24 ni hatari.

Ukikuta amonia au nitriti, mhamishie kwenye beseni la plastiki lenye maji safi ya joto lile lile, yaliyoondolewa klorini kwa dawa isiyo na mshubiri. Badilisha maji yote kila siku mpaka tangi litengemae. Nimeona madoa mengi ya kutisha yakififia kwa hilo tu. Bafu za chumvi husifiwa sana, ila huunguza matamvua zikizidi. Zisiwe jambo lako la kwanza. Dawa za samaki zenye shaba zisikaribie kabisa.

Tazama na mwili mzima. Matamvua yaliyokunjwa kuelekea mbele na ncha ya mkia iliyopinda huonyesha dhiki, mara nyingi kwa sababu chujio linasukuma maji kwa nguvu. Tumbo lilingane na upana wa kichwa. Mkubwa anayekataa nyungunyungu mara mbili mfululizo namwangalia kwa karibu. Mguu uliong'atwa na mwenzake utaota tena. Tenganisha wawili hao, weka maji safi, piga picha ya kigutu kila wiki uone kinavyochipua.

Daktari mtafute kabla hujamhitaji, kwani wengi hutibu mbwa na paka tu. Piga simu uulize waziwazi kama anatibu amfibia. Siku ya kwenda, mbebe kwenye ndoo yenye mfuniko na maji baridi ya kumfunika mwili, chukua chupa ya pili yenye maji ya tangi ili yapimwe, na picha zako zikiwa zimepangwa kwa tarehe.