Jinsi ya kutengeneza nadharia inayosimama kuhusu stelingi na upanga wake wa maajabu

Wanangu wa anime, yani katuni za Kijapani, kila nikikaa kijiweni hapa Sinza lazima atokee mtu aseme "ule upanga una siri", ukimuuliza siri gani anakujibu "we subiri utaona". Sa hapo hajatuambia kitu. Mi hii mambo ya stelingi na upanga wake naipenda kuliko kitu chochote kwenye hadithi za kubuni, nimeanza kuifatilia niko sekondari mpaka leo nina kazi na bado usiku nawaza, kwaiyo nimeona niandike jinsi ninavyofanya mimi, labda itamsaidia mtu ambaye ana wazo zuri kichwani ila akiliongea watu wanalipangua ndani ya dakika mbili.

Spoila zipo, yani nitafichua yanayotokea. Nitataja mwisho wa Bleach, One Piece mpaka sehemu ya Wano, na Berserk, zote ni manga, yani vitabu vya katuni za Kijapani. Kama hujafika huko acha kwanza, hii haikimbii.

Kwanza kabisa angalia hadithi unaitoa wapi. Sisi wengi Dar tumekulia vibanda umiza, unalipa hela yako unakaa kwenye benchi DJ anatafsiri, na ile ni sanaa naiheshimu mno, imetufundisha wengi kupenda hadithi kabla hata hatujajua kusoma sabtaito. Lakini DJ anaongeza maneno, anampa mtu mawazo ambayo kwenye picha hayapo, na ndo kazi yake kunogesha. Nilishawahi kubeba nadharia wiki nzima kwamba upanga wa stelingi mmoja unamuongelesha usiku, nikaja kuangalia orijino nikakuta pale ni kimya kabisa, jamaa amekaa tu anaangalia moto, sauti niliyoisikia ilikuwa ya DJ. Wiki nzima imeenda. Tangu siku iyo sitaji ushahidi wowote ambao sijauona kwenye manga yenyewe au kwenye anime yenye sabtaito, na ikiwezekana vyote viwili maana ata sabtaito za watu wa mtaani zinatofautiana, huyu kaandika "mimi ni nguvu yako" mwingine kaandika "mimi ndo nguvu", na kwenye kesi za panga izo ni sentensi mbili tofauti kabisa.

Alafu nunua kaunta buku. Ndio, daftari, sio kuandika kwenye simu, simu ukipigiwa umesahau. Kila upanga ukitokea andika umefanya nini, umesema nini kama unaongea, na baada ya hapo nani kaumia. Hicho cha tatu ndo watu wanakiruka na ndo chenye utajiri wote. Usiandike "Zoro ana uchungu" au "upanga umekasirika", iyo ni tafsiri yako tayari, andika alichofanya: karusha upanga juu, kanyoosha mkono, upanga umeshuka bila kumkata. Iyo ni Zoro, yule mpiga panga wa One Piece, kule mji wa Loguetown anaujaribu upanga wa Sandai Kitetsu ambao wanasema una laana. Ukiandika hivo unaweza kurudi baada ya miaka mitatu ukausoma upya na maana nyingine ikatokea, ila ukiandika "Zoro jasiri" umeshafunga mlango.

Sa tuje kwenye yenyewe. Mi kila nikianza nadharia ya upanga naanza na swali ambalo mtu wa Dar analijua toka utotoni, masharti ni yapi? Kwetu hapa hamna mtu asiyejua kwamba kitu cha nguvu hakitolewi bure, bibi yako amekuhadithia yule aliyepewa utajiri akaambiwa asigeuke nyuma, yule aliyeambiwa asile kitu fulani maisha yake yote, na yule aliyefanikiwa alafu wanae wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Ata Fumo Liyongo kwenye utenzi ule alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913, mwili wake haupenyeki na silaha isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyekuja na iyo sindano ni mwanae wa kumzaa. Sharti likishakuwepo, hadithi lazima ilipitie. Kwaiyo kwenye upanga uliza: unataka nini, unalipwa nini, na anayelipa ni nani.

Jaribu kwenye za zamani uone inavyokaa. Tyrfing wa kwenye hadithi za kale za Skandinavia, wachonga vyuma wamelazimishwa kuutengeneza kwahiyo wakauwekea laana, ukichomolewa tu lazima mtu afe. Sharti jepesi, la wazi, nadharia yake inaisha haraka. Alafu mchukue Elric wa Michael Moorcock, alianza kutoka 1961, huyu ni mfalme mgonjwa mgonjwa hana nguvu, upanga wake Stormbringer unakula roho za watu na kumpa yeye uhai. Juu juu unasema anayelipa ni maadui. Ila fungua kaunta buku sehemu ya tatu: Cymoril anayempenda amekufa kwa upanga uleule, marafiki wanakwenda, na mwisho kabisa Elric mwenyewe. Malipo yalikuwa ni watu wake siku zote, maadui ni kitafunio tu. Unaona sharti hili hakuna aliyelitamka waziwazi mwanzoni, linasomeka kwenye orodha ya waliokufa.

Angalizo kidogo, sio kila upanga wenye jina una roho. Wengi wetu tumesikia Dhulfakari wa Sayyidna Ali toka madrasa na kwenye tenzi, upanga una jina na heshima kubwa lakini sifa zote ni za aliyeushika. Ukikuta upanga wa namna iyo kwenye hadithi usiulazimishie utashi, andika tu kwamba hamna ushahidi uende kwa mwingine.

Enma, upanga mwingine wa Zoro, ni mzuri kwa kufanyia mazoezi. Anapewa kule Wano, siku ya kwanza anaujaribu upanga unamvuta haki yake, ndo wanavyoita nguvu ya nafsi kwenye One Piece, bila ruhusa, mkono unakauka kama kuni na jabali linakatika. Wengi wakasema Enma ana chuki nae. Mi nasema soma sharti: unachukua zaidi ya unachotaka kutoa, kwa yeyote, na anayelipa ni aliyeushika mwenyewe, hamna mtu wa pembeni anayeumia. Ni mkali ila hauna hila. Na palepale Wano tunaambiwa aliyeutengeneza ni Shimotsuki Kozaburo, ndo huyohuyo aliyetengeneza Wado Ichimonji, upanga ambao Zoro anao toka rafiki yake wa utotoni Kuina afariki. Sa hapo nadharia yako ihame kutoka kwa Enma iende kwenye Wado, kwanini upanga mmoja wa fundi yuleyule unakausha mkono na mwingine umetulia miaka yote hiyo?

Ila darasa kamili ni Ichigo, stelingi wa Bleach aliyegeuka shinigami (mlinzi wa roho za wafu), na upanga wake Zangetsu, na hapa nakaa kidogo maana hii ndo nadharia ya mashabiki ambayo baadae ilikuja kuonekana ilikuwa na msingi kweli. Bleach ya Tite Kubo imeanza 2001 ikaisha 2016. Miaka kumi na kitu sote tunajua Zangetsu ni yule mzee wa koti jeusi na miwani anayekaa kwenye ule mji wa maghorofa yaliyolala. Na kuna yule mweupe anayefanana na Ichigo, hollow, yani roho iliyogeuka zimwi, tunamchukulia ni ugonjwa tu, mdudu aliyeingia. Sa mtu aliyekuwa anaandika kwenye daftari angekuwa na nini? Siku Ichigo anaupata upanga kwa mara ya kwanza kwenye lile shimo la mafunzo la mwalimu wake Urahara, katoka na upanga na barakoa ya hollow usoni, vimekuja pamoja. Anapigana na Kenpachi, kapteni mmoja wa shinigami, mzee anamletea mtu wa kushindana nae ndani kwa ndani, na huyo mtu ni mweupe, ameshika Zangetsu. Kwenye mafunzo na Vizard, wale shinigami wenye nguvu za hollow, Ichigo anauliza Zangetsu yuko wapi, mweupe anajibu Zangetsu ni mimi. Kajibu! Tumepita hapo wote tukaona anatamba. Na mweupe kila akiushika ule upanga anautumia vizuri kumshinda Ichigo, anauzungusha kwa kile kitambaa chake kama umezaliwa mkononi mwake. Alafu karibu na kupigana na adui mkubwa Aizen, Tensa Zangetsu, yani upanga uleule kwenye umbo lake la juu, anamwambia Ichigo kwamba anachotaka kukilinda yeye sio anachotaka kukilinda Ichigo.

Weka masharti sa. Upanga unataka nini? Mzee anataka kumlinda Ichigo, na kila mara anatoa nguvu kidogo kidogo kama mtu anayepima sukari ya dukani, mpaka Ichigo awe karibu kufa. Upanga gani unambania mwenyewe? Na 2012 sehemu ya mwisho inaanza, anatokea Yhwach, mfalme wa Quincy, wale wawinda hollow, ukimuangalia sura unasema huyu mbona mzee wetu. Hapo ndo watu walianza kuunganisha, na ilipofika 2013 Kubo akafungua: mzee ni nguvu ya Quincy aliyorithi kwa mama yake Masaki, amechukua sura ya Yhwach wa miaka elfu iliyopita, na zanpakuto (roho ya upanga wa shinigami) wa kweli alikuwa ni yule mweupe siku zote. Mzee alikuwa anamzuia kwa sababu akiwa shinigami ataumia. Alimpenda. Mi niliposoma pale nilisimama nikatoka nje kidogo, maana kumbe kila kitu kilishaandikwa mbele ya macho yetu, na uongo wa mzee ulikuwa ni wa mzazi.

Jifunze hapo kitu kimoja cha kiufundi. Ushahidi mzuri kuliko wote ni ule ambao ulipoukuta ulikuwa na maelezo mengine ya kawaida. "Zangetsu ni mimi" ilikuwa na maelezo, jamaa anatamba. Lakini maelezo ya kawaida yakishakuwa matano kwa vitu vitano tofauti, na nadharia yako inavieleza vyote vitano kwa mkupuo, basi una kitu. Kikiwa kimoja tulia, viwili tulia, usije kijiweni.

Kabla hujaja kijiweni pia jaribu kuiua mwenyewe. Andika chini ya ukurasa: nikiona kitu hiki, nadharia yangu imekufa. Kama huwezi kuandika hivo basi nadharia yako inakubali kila kitu, na inayokubali kila kitu haijasema kitu. Mi ya kwangu ninayoihangaikia sasa ni ya Guts wa Berserk na lile lichuma lake Dragonslayer. Watu wanasema ule upanga una pepo ndani linalomla Guts taratibu. Mi nakataa, na nakataa hivi: fundi Godo aliutengeneza bila uchawi wowote, alitakiwa atengeneze silaha ya kuua joka akatoa kitu kizito hamna binadamu wa kukibeba, kikakaa tu. Guts ndo kaja kukibeba. Usiku kwa usiku na ile alama shingoni inayovuta mizimu, anakata, anakata, miaka, mpaka chuma chenyewe kimelowa vitu vya upande wa pili na sasa kinagusa visivyogusika, ata Slan, mmoja wa wakubwa wa mapepo wanaoitwa God Hand, kimemjeruhi. Kwaiyo upanga hauna masharti, hamna aliyeupa, ni hasira ya Guts mwenyewe iliyowekwa akiba kwenye chuma.

Na wale wa pepo wamechanganya vitu viwili. Anayemla Guts ni lile vazi la chuma la Berserker alilopewa baadae, lile ndo lina masharti, linamfungulia mwili apigane bila kusikia maumivu na bei yake tunaiona, ladha ya chakula imepotea, macho hayaoni rangi vizuri, nywele zinaota mvi. Vyote vimeanza baada ya vazi. Daftari linasaidia hapo, tarehe ya bei na tarehe ya kitu ziangalie zinaendana na nani.

Sharti la kifo la nadharia yangu nimeliandika: upanga ukisogea wenyewe bila mkono wa Guts, au mtu mwingine asiye na chuki akiushika akakata mzimu vilevile kama Guts, imekufa, naichana. Na kuna uzito wa ushahidi pia wa kufikiria, Kentaro Miura alifariki Mei 2021, na toka 2022 hadithi inaendelezwa na rafiki yake Kouji Mori pamoja na vijana wa studio yake, Mori akisema anafata alichosimuliwa na Miura mwenyewe. Kwaiyo kurasa za Miura nazipa uzito kamili mpaka kwenye mchoro, yani ata kivuli cha upanga nakihesabu, ila za sasa nahesabu matukio makubwa tu, vivuli siviwekei nadharia.

Ukija kuielezea kwa watu anza na pingamizi kali kuliko zote kisha jibu lako, usisubiri waulize. Mi jumamosi iliyopita nimeieleza ya Guts pale kwa kinyozi wetu, ananyoa huku anasikiliza, mashine ikazimwa kabisa. Akaniuliza, sawa, kama hasira ndo inakata mizimu, siku Guts akipoa moyo, akisamehe, ule upanga unabaki kuwa chuma tu tena? Sikuwa nimeliandika hilo. Nimelirudisha nyumbani, nimefungua ukurasa mpya, na nimeanza kupitia upya kila sehemu ambayo Guts amekata kitu akiwa ametulia. Mpaka sasa hivi nina mbili na bado sijafika katikati.