Ukishuhudia Mwenzako Akibaguliwa Kazini: La Kufanya Kabla ya Siku Kuisha

Jina la ukoo la mfanyakazi nchini Kenya husomwa kama karatasi ya kura: kabla hajatamka neno, wenzake wamekwisha kuamua kwao ni wapi na alimpigia nani kura. Ndiyo maana ukabila na upendeleo wa kisiasa ni vigumu kuvitenganisha kazini, hasa miezi ya uchaguzi mkuu, na pale ambapo wasimamizi ni wageni, ubaguzi wa rangi nao huongezeka juu yake. Mwongozo huu ni wa yule aliyekuwapo, akaona na kusikia, kwa sababu malalamiko mengi niliyoyafuatilia nikiwa mwakilishi wa wafanyakazi yalikufa kwa kukosa shahidi, si kwa kukosa ukweli.

Agosti 2022, Jumanne, siku moja baada ya matokeo ya urais kutangazwa, tulikuwa watu wanane katika chumba cha chai. Msimamizi wetu aliingia, akamtazama mwenzetu aliyekuwa akikoroga sukari, akamwambia: "Watu wenu wameshindwa, kwa hivyo yale mafunzo ya Mombasa tutampa mtu anayeiamini serikali." Baadhi yetu walicheka. Mwenzetu hakujibu, aliendelea kukoroga kikombe ambacho sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani. Mafunzo yalimpita kweli, na alipolalamika aliulizwa ni nani aliyesikia maneno hayo. Kati ya watu wanane, mmoja alisema ulikuwa mzaha, mwingine akasema siku hiyo haikuwa Jumanne, na wengine wakasema hawakumbuki. Mimi nilikumbuka, lakini sikuwa nimeandika chochote, na kumbukumbu yangu ikahesabiwa kuwa maoni tu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuandika siku hiyohiyo. Andika tarehe, saa, mahali, waliokuwapo, na maneno yenyewe kwa lugha iliyotumika. Yakisemwa kwa lugha ya mama, yaandike ulivyoyasikia, kisha uweke tafsiri chini yake. Usiandike "alionyesha ukabila", maana hiyo ni hukumu yako. Andika "alisema watu wenu wameshindwa", uwaachie wengine wahukumu. Daftari liwe lako binafsi na likae nyumbani, kwa kuwa kompyuta ya ofisi inaweza kuchukuliwa siku yoyote. Wala usitoke na faili ambazo huna ruhusa ya kuzichukua, kwani utakuwa umempa mwajiri sababu ya kukufuta wewe kwanza.

Papo hapo, huhitaji kutoa hotuba. Swali moja la heshima linatosha: "Samahani, mkuu, mafunzo yanahusiana vipi na kura?" Likiulizwa kwa utulivu, kila aliyekuwapo atalikumbuka, na aliyebaguliwa atajua kwamba hayuko peke yake.

Kisha mtafute mwenzako faraghani kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote. Huenda mkataba wake unakaribia kuisha au ana karo ya kulipa, na ni haki yake kuamua jambo lake liende kasi gani. Mwambie ulikuwapo, ulisikia, umeandika, na kwamba akitaka utasema. Usilipeleke jambo hilo katika kundi la WhatsApp la ofisi. Nimeona mashahidi wazuri wakigeuzwa kuwa washtakiwa kwa sababu ya ujumbe mmoja uliotumwa kwa hasira.

Kuhusu kurekodi kwa simu, yapo yaliyotokea Septemba 2018, pale mfanyabiashara raia wa China alipofurushwa Kenya baada ya mfanyakazi wake kumrekodi akiwaita Wakenya nyani. Video hiyo ilifanya kazi ambayo barua kumi pengine zisingeifanya. Hata hivyo, kabla ya kusambaza sauti au picha ya mtu, tafuta ushauri wa wakili au wa chama chako, kwa kuwa tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data.

Ubaguzi usiosemwa ndio mgumu zaidi, nao ndio ulioenea zaidi. Hakuna aliyetukanwa, lakini zamu za usiku zinawaangukia walewale, na nafasi za ukaimu zinakwenda kwa watu wa nyumba moja. Hapa tukio moja halitoshi. Fuatilia kwa miezi kadhaa nani alipangiwa nini, nani aliomba akanyimwa, na sababu gani ilitolewa. Katika taasisi za umma una kipimo kingine: Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inakataza zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wa taasisi ya umma kutoka jamii moja.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kubagua, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka, kwa misingi ya rangi, asili ya kikabila, uraia au maoni ya kisiasa, na inasema kwamba madai yakitolewa, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kuwa ubaguzi haukutokea. Kifungu cha 46 nacho kinasema kulalamika dhidi ya mwajiri si sababu ya haki ya kufutwa kazi, isipokuwa lalamiko lionekane kuwa la ovyo na lisilo na msingi. Kwa sababu hiyo naona ni heri shahidi naye awasilishe barua yake mwenyewe yenye sahihi, badala ya kutajwa tu katika barua ya mwenzake.

Barua ianzie kwa meneja wa wafanyakazi, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kukiwa kimya, kuna chama cha wafanyakazi, afisa wa leba na Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC), na mwishowe Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Kesi ya mkataba wa ajira hufunguliwa ndani ya miaka 3, lakini aliyefutwa kazi akitaka kwenda kwa afisa wa leba ana miezi 3 tu.

Ikiwa wewe na anayebagua mnatoka jamii moja, utaitwa msaliti, na itakuuma. Ushahidi wako ndio utakaokuwa mgumu zaidi kupuuzwa, kwa kuwa hakuna atakayesema unatetea watu wenu. Siku ya kuitwa, nenda na daftari lenyewe, wala si nakala, usome ulichoandika. Ukiulizwa jambo ambalo hukulisikia, sema hukulisikia.